Sista, Nimebanwa

Kuna watu wanaoogopa sindano, na kuna sisi wengine ambao hatuiogopi hata kidogo, ila mwili hautuulizi. Mimi naweza kuitazama sindano, nikatabasamu, nikasema "haina neno," halafu nikajikuta niko sakafuni nasikia watu wakijadili nani anibebe miguu. Nimewahi kuzimia nikipimwa damu ya kidole. Nimewahi kuzimia nikimsindikiza mgonjwa, ikabidi mgonjwa ndiye anipepee.

Sasa ofisini wakatangaza kwamba timu ya kuchangisha damu itakuja Alhamisi. Karatasi ya kujiandikisha ilibandikwa ukutani, na bosi akasimama pembeni yake. Nikaandika jina.

Nikasema safari hii naenda kisomi. Usiku nikasoma kila kilichopo. Kumbe kinachotuangusha mara nyingi si uchache wa damu: mtu mzima ana kama lita 5, wanachukua mililita 450 tu, na wapo wanaolala chini kabla hata hawajaguswa. Mchawi ni neva inaitwa vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo ikipitia moyoni hadi tumboni. Ikipaniki, moyo unapunguza mwendo, mishipa ya miguuni inalegea, damu inatuama huko chini na ubongo unaachwa mkavu. Hapo ndipo miayo inaanza, jasho la baridi, masikio yanavuma, na macho yanabakiwa na kaupenyo kadogo katikati.

Na dawa zake nikazikuta. Ulale vya kutosha. Ule kabla ya kwenda. Unywe nusu lita ya maji muda mfupi kabla ya kuchomwa, kwa sababu hupandisha presha kwa muda. Halafu ipo mbinu ya kukaza misuli, aliyoibuni mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, miaka ya 1980, kwa ajili ya watu wanaozimia wakiona damu. Unapishanisha miguu, unakaza mapaja, matako na tumbo kwa sekunde kadhaa, unalegeza, unakaza tena, huku unapumua kawaida. Damu inasukumwa irudi juu. Nilifanya mazoezi kitandani mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna mdudu.

Alhamisi nikala nikashiba. Kwenye maji, ile nusu lita niliiona ni kipimo cha watu wanaozimia kwa kiasi. Kwa rekodi yangu, nikabeba chupa ya lita moja na nusu, nikaimalizia mlangoni kabisa, nikaingia najisikia nimekingwa.

Nikakuta foleni.

Foleni ya damu haina haraka na mtu. Kwanza fomu: umeugua nini, unatumia dawa gani, umechora tatuu lini? Kisha mizani, kuona kama unafika kilo 50. Nilifika, na kilo moja na nusu kati ya hizo ilikuwa inatafuta njia ya kutokea. Kisha presha. Kisha kidole, kupima wingi wa damu. Hapo nikakaza mapaja Kiswidi, na kwa mara ya kwanza maishani nikachomwa kidole nikabaki wima. Nikatamani kumkumbatia mpimaji, ila sikuweza kusogea bila madhara.

Mwenye akili zake angekwenda chooni. Mimi nilikuwa na hesabu zangu: haya si maji tena, ni dawa, nikiyatoa kabla ya sindano kinga yote imekwenda na maji. Isitoshe nyuma yangu alisimama kijana mmoja wa uhasibu ambaye kila nikigeuka alikuwa amesogea. Nikang'ang'ana.

Kitandani nikapokelewa na sista wa makamo mwenye sauti ya kuongoza gwaride.

"Umewahi kuzimia, kaka?"

"Kidogo."

"Basi nisikilize. Pishanisha miguu, bana mapaja."

Nikabana. Sijawahi kubana namna ile.

"Sista," nikamwambia kwa sauti ya chini, "nimebanwa."

"Safi kabisa. Endelea kubana."

"Hapana, sista. Nimebanwa."

"Naona. Kaza, legeza. Kaza, legeza."

Kukaza nilikaza. Kulegeza sikuthubutu.

Sindano ikaingia. Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha nacho ni ule mrija: wanaubandika kwa plasta kwenye mkono, na una joto. Unalisikia joto lako mwenyewe likikutembelea juu ya ngozi kuelekea kwenye mfuko, na mfuko umelazwa kwenye kimashine kinachoutikisa polepole, huku na huku, damu ndani ikicheza mawimbi. Siku nyingine yoyote ningekuwa nimeshaaga dunia hii kwa muda. Siku hiyo hofu ilikuja ikakosa pa kukaa, kibofu kilishachukua viti vyote. Mfuko ukienda kulia, maji nayo yanaenda kulia. Halafu kwenye sinki la pembeni, mtu mmoja akafungua bomba akaanza kunawa mikono. Akanawa kwa utaratibu unaotakiwa, kidole kwa kidole.

"Jamani njooni mumwone huyu kaka!" sista akawaita waliokuwa kwenye foleni. "Mapaja hayo. Tumbo hilo. Hata uso ameukaza. Hivi ndivyo inavyotakiwa!"

Watu wakajaa. Kijana wa uhasibu akatikisa kichwa kwa heshima. Mmoja akanipiga picha, na ile picha ipo mpaka leo kwenye ubao wa matangazo, nimetoa macho, chini wameandika "Mfano wa Kuigwa."

Dakika kama 10 hivi, mfuko ukajaa. Sista akachomoa sindano, akanibandika pamba.

"Sasa lala kidogo, halafu ukakae pale dakika 15, unywe juisi."

Dakika 15! Tena juisi!

Nikaruka kutoka kitandani. Hapo ndipo mapaja yalipolegea kwa mara ya kwanza, na damu yote ambayo Mswidi alinisaidia kuipandisha ikaporomoka miguuni. Niliuona mlango wa choo mwisho wa korido. Nikapiga mwayo. Mlango ukawa dirisha, dirisha likawa tundu la ufunguo.

Naambiwa niliangukia bango lao la "Changia Damu, Okoa Maisha," nikalilalia lote likabaki linaonekana neno "Okoa."

Kuzinduka, nimelazwa chali, miguu imewekwa juu ya kiti. Sawa, huduma ya kwanza ndivyo inavyosema, damu irudi kichwani. Ila kwa mtu wa hali yangu, kuinuliwa miguu kunahamisha mzigo mzima na kuuelekeza pasipostahili.

"Sista... maji..." nikajitahidi. Nilitaka kusema maji yamenijaa.

"Anataka maji! Mleteeni maji haraka!"

Wakanishika kichwa wakaninywesha. Kwa upendo mkubwa, chupa nzima.

"Choo!" nikapiga ukelele nilipopata nafasi ya kupumua.

Sista akanitazama, akatazama miguu yangu iliyopishana hewani, na nikaona mambo yanamwingia. "Ndiyo maana ulibana vile?"

Nikaitikia kwa macho.

"Na chooni kwenyewe ndiko wanakoangukia," akasema. "Mtu ametoka kutoa damu, anakwenda kusimama kule, anajisaidia, presha inashuka tena. Hutembei."

Wakanikalisha kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, kijana wa uhasibu akapewa kazi ya kusukuma. Tukapita mapokezi, tukapita masoko, tukapita kwa bosi. Kila aliyeuliza kuna nini, kijana alimjibu kwa ukamilifu.

"Ukae, usisimame!" sista akapiga kelele nje ya mlango. "Na usifunge kwa ndani! Na uwe unaongea, nijue uko macho!"

"Niongee nini?"

"Chochote!"

Nikaanza kuhesabu. Nilipofika 70, nikamsikia kijana wa uhasibu akisema kwa sauti ya kikazi, "Sista, huyu anavuka mia."

Alikosea. Niliishia 94.

Baadaye walinipa kadi ya mchangiaji, nikaitia mfukoni bila kuisoma. Miezi mitatu ikapita, ule muda ambao mwanamume anaruhusiwa kurudi, na timu ikaja tena. Safari hii nikanywa nusu lita kamili, si tone zaidi, nikapita chooni, nikasimama kwenye foleni nimetulia. Dada wa mapokezi, mgeni kwangu, akaichukua kadi, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma kwenye sehemu ya maoni, akakaa nayo kidogo.

"Umeshakwenda chooni, kaka?" akauliza, na foleni nzima ikanyamaza.

"Nimeshakwenda, dada."

Akaisoma tena.

"Hapa sista ameandika uende mara mbili."