Lile Neno "Lakini"

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Rafiki yake mama alikuja kututembelea, nikaitwa nimsalimie. Nilipomaliza shikamoo akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kama mtu anayechagua kitambaa, kisha akamwambia mama: "Mweusi huyu, lakini kajaliwa sura." Mama akashukuru. Nami nilifurahi, maana nilijua nimesifiwa. Miaka ilipita kabla sijatambua kwamba sifa yenyewe niliisahau mapema, na kilichonibakia kichwani ni neno lile la katikati.

Hakuna aliyewahi kunikalisha chini akanifundisha kwamba weusi ni kasoro. Hakukuwa na haja, maneno yalikuwa yameshaifanya kazi hiyo. Mwenye rangi ya maji ya kunde anasifiwa moja kwa moja, bila nyongeza. Mweusi tii anatafutiwa fidia. Nywele zikiwa laini ni "nzuri", zikijisokota ni "kipilipili", na mwenye nazo anaambiwa azifanyie kitu. Nilipofika umri wa kujinunulia vipodozi, hakuna aliyenishawishi kutumia mkorogo. Niliutafuta mwenyewe.

Nayasema haya kwa sababu naulizwa mara kwa mara ni vitabu gani vya waandishi Weusi vinaweza kumsaidia mtu ajikubali, na jibu langu huwashangaza wanaouliza. Wanatarajia kitabu cha kutia moyo. Mimi huwapa The Bluest Eye cha Toni Morrison, riwaya ambayo mtoto aliye kiini chake anaishia kwenye wazimu.

Kilitoka mwaka 1970, na ndicho kitabu cha kwanza cha mwanamke ambaye mwaka 1993 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Pecola Breedlove ana miaka 11, anaishi Lorain, Ohio, Marekani, mji aliozaliwa Morrison mwenyewe, na kila usiku anamwomba Mungu ampe macho ya buluu. Anaamini akiyapata, hata wazazi wake wataona haya kupigana mbele yake. Morrison alieleza kwamba mbegu ya hadithi ni mtoto aliyesoma naye shule ya msingi, ambaye siku moja alimwambia anayatamani macho ya namna hiyo.

Ziko kurasa mbili ndani yake ambazo siwezi kuzipita haraka, hata leo. Mama yake Pecola anafanya kazi za ndani kwa familia ya Wazungu. Pecola anamfuata jikoni, na wenzake wawili wanamkuta huko. Pecola anagusa chombo cha kitindamlo kilichotoka ovenini, kinaanguka, juisi ya moto inamuunguza miguu. Mama anamwangushia kipigo yeye aliyeungua. Kisha anamgeukia mtoto wa tajiri yake, ambaye analia na gauni lake limechafuka, anambembeleza, anamwahidi atampikia kingine. Yule mtoto anauliza wale waliokuwa pale ni akina nani. Mama anamnyamazisha tu, asijali. Hasemi kwamba mmoja wao ni mwanawe.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka nje. Sikuwa nimelia kwa ajili ya Pecola. Nililia kwa ajili ya mama yake, kwa sababu Morrison alikuwa ameshanionyesha mapema jinsi mwanamke yule alivyofika pale: msichana mwenye mguu mbovu, mpweke katika mji mgeni, anayeingia sinema na kujifunza huko uzuri ni nini, mpaka anatengeneza nywele zake kama Jean Harlow, nyota wa sinema wa Kizungu, kisha jino linang'oka akila pipi gizani mle mle, na tangu hapo anajikatia tamaa. Aliyemdharau Pecola alikuwa amedharauliwa kwanza, na aliyemfundisha hakuwa mtu mmoja wa kumshika mashati.

Hapa ndipo napoachana na vitabu vya "jiamini". Nimevisoma, na vingine vimeandikwa na watu Weusi wenye nia njema kabisa. Vinakuambia usimame mbele ya kioo ujitamkie kwamba wewe ni mzuri, wewe ni wa thamani, unaweza. Mimi nilijitamkia. Tatizo ni kwamba kauli hiyo inakubali kimyakimya kwamba kesi ipo, kwamba uzuri wako una mashaka na unahitaji shahidi kila asubuhi. Tena inakuachia mzigo wewe. Usipopona, basi hukujitamkia vya kutosha. Nani angethubutu kumwambia Pecola kwamba shida yake ni kutojiamini? Muuza duka anaona kinyaa kugusa mkono wake anapopokea senti zake. Walimu hawamtazami. Mtoto yule hakukosa kujiamini. Aliwaamini watu wazima waliomzunguka.

Na si riwaya peke yake inayosema hivyo. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia wawili, mume na mke, Kenneth na Mamie Clark, waliwawekea watoto Weusi wa Marekani wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi mzuri, yupi mbaya, yupi anafanana nawe. Wengi waliwachagua weupe kuwa ndio wazuri. Utafiti ule ulitajwa mwaka 1954 katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani iliyobatilisha kutenganisha watoto shuleni kwa rangi. Ninapousoma namkumbuka Claudia, msimulizi wa Morrison, ambaye akipewa mwanasesere mweupe wa Krismasi anamchanachana ili aone ndani kuna nini hasa kinachopendwa. Ndani anakuta unga wa mbao na kipande cha chuma tu. Inauma kusoma baadaye Claudia akikiri kwamba hata yeye, mwishowe, alijifunza kuupenda uzuri ule ule aliokuwa akiuchukia.

James Baldwin, mwandishi Mweusi wa Marekani, alilisema jambo hili kwa barua. Katika The Fire Next Time, mwaka 1963, anamwandikia mpwa wake kuhusu babu wa kijana huyo, na kumwambia kwamba maisha yalimshinda mzee kwa sababu ndani kabisa ya moyo wake aliyaamini yale Wazungu waliyosema juu yake. Barua ni fupi. Msomeni wenyewe.

Yupo pia aliyekuwa na bahati ya kuchelewa kuambukizwa. Mwandishi Zora Neale Hurston alikulia Eatonville, Florida, mji uliokaliwa na kuongozwa na watu Weusi, na katika insha yake ya mwaka 1928 anasema alikuja kujua kwamba ni "mtu wa rangi" alipokuwa na miaka 13, alipopelekwa shule Jacksonville. Kabla ya hapo alikuwa Zora tu. Anaandika kwamba akibaguliwa hakasiriki, anashangaa: mtu anawezaje kujinyima raha ya kukaa naye? Nilipoisoma mara ya kwanza niliona anajidanganya. Leo naiona ni sauti ya mtu ambaye miaka 13 ya mwanzo ya maisha yake haikuwa na "lakini". Wako waandishi Weusi wa zama zake waliomlaumu kwamba hana hasira ya kutosha. Alifariki mwaka 1960 akiwa fukara, akazikwa kaburi lisilo na alama, mpaka mwandishi mwenzake Alice Walker alipokwenda kulitafuta mwaka 1973 na kuliwekea jiwe.

Alice Walker huyohuyo ndiye aliyeniondolea neno langu. Katika The Color Purple, kilichotoka 1982, Celie ameteswa tangu utotoni, kwanza na mwanamume anayemjua kama baba, kisha na mume. Siku anayoondoka, mume anamrushia yote: ni maskini, mweusi, mbaya wa sura, mwanamke, si kitu. Nilingoja Celie ajibu kwamba yeye ni mzuri. Hajibu hivyo. Anakubali kwamba ni maskini na ni mweusi, kwamba huenda sura hana na kupika hajui. Kisha linakuja neno lile lile, "lakini", na baada yake jambo moja tu, kwamba yupo.

Nilikuwa nikisoma kwa Kiingereza, ila sentensi ile ilinijia kwa Kiswahili bila kuombwa: lakini nipo. Fikiria jinsi tunavyolitumia neno hilo. Mtu anakuuliza u hali gani, unasema nipo. Jina linaitwa darasani, unaitika nipo. Si majigambo wala si dai la kuwa bora kuliko mwingine. Katika kinywa cha mgeni wa mama, "lakini" ilikuja kunipunguzia kasoro kwa kunipa uzuri. Katika kinywa cha Celie inafuta hesabu nzima.

Na Kiswahili kilikuwa na jibu hilo kabla ya Celie. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu kutoka Fumba, Unguja, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, ambaye santuri zake zilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Waliomwonea kijicho walimtungia wimbo: alikuwa mtu lini huyu, katoka shamba na kaniki, kama si sauti angekula nini? Siti naye akaimba kwamba uzuri wa sura si hoja, wala ukubwa wa jadi. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Tazama alivyofanya. Hakubisha kwamba yeye pia ni mzuri. Alikataa uzuri usiwe mizani. Nasikitika kwamba tunamsoma kama sehemu ya historia ya muziki, tukampita bila kumsoma kama mtu aliyejikubali hadharani, mbele ya waliokuwa wakimcheka.

Sitaki kueleweka vibaya. Mtoto wa miaka sita hawezi kuachiwa falsafa ya mizani. Anahitaji kuambiwa waziwazi kwamba anapendeza. Kwa huyo kipo Sulwe cha Lupita Nyong'o, cha mwaka 2019, kuhusu msichana mwenye rangi ya usiku wa manane ambaye dada yake ni mweupe kuliko yeye, na ambaye anajaribu kujifuta weusi kwa kifutio. Jina lake kwa Kijaluo maana yake ni nyota. Nilimsomea mpwa wangu wa kike, naye tulipofika penye kifutio akaniuliza kama kiliuma. Sikuwa na jibu jepesi, nikamwambia ndiyo, kiliuma.

Lakini The Bluest Eye na The Color Purple si vya watoto. Vyote viwili vina ubakaji wa mtoto ndani ya nyumba, na vinausema wazi. Kijana avisome akiwa na mtu wa kuzungumza naye, na mtu mzima aliyepitia mambo hayo achague wakati wake mwenyewe. Nimeona watu wakivigawa kama zawadi bila kutoa tahadhari hiyo, na si haki.

Nakala yangu ya The Bluest Eye niliwahi kumwazima shoga yangu wa tangu shule, mama wa watoto watatu, mtu asiyependa kabisa kuchora kwenye vitabu. Ilikaa kwake karibu mwaka. Iliporudi niliipekua, nikakuta mstari mmoja wa penseli, mwembamba, kwenye ule ukurasa wa jikoni, pale mtoto wa tajiri anapouliza wale ni akina nani. Sikumuuliza kitu. Juzi alinipigia kuniomba niiazime tena. Binti yake mkubwa ametimiza miaka 16.