Uchakavu wa gemu: upi unaishusha thamani, upi unaiongezea

Tarehe 11 Julai 2021, kwenye mnada wa Heritage Auctions wa Dallas, Marekani, nakala moja ya Super Mario 64, gemu ya video ya Nintendo, ilinunuliwa kwa dola milioni 1.56. Gemu hiyo ilitoka mwaka 1996, na nakala zilizouzwa duniani zinakaribia milioni 12, kwa hiyo hakuna anayeweza kuiita adimu. Kilicholipiwa ni hali yake. Haikuwahi kufunguliwa, nailoni ya kiwandani ilikuwa bado juu yake, na Wata, kampuni inayokagua gemu na kuzipa alama, ilikuwa imeipa 9.8 kati ya 10, pamoja na A++ kwa ajili ya nailoni yenyewe.

Bei ile iliwasha upya ubishi wa zamani kati ya wakusanyaji. Kuna wanaosema gemu isiyo na boksi zuri ni nusu gemu. Kuna wanaosema kaseti, yaani kile kipande cha plastiki chenye gemu ndani kinachochomekwa kwenye mashine, ikiwaka na kucheza inatosha, mengine ni mapambo. Mimi nakusanya kaseti za zamani, nyingi za Nintendo, na nimeona kila upande umeshika ukweli ambao mwenzake anaukwepa.

Nianze na wanaojali hali, kwa sababu wao hudharauliwa haraka kwamba ni watu wa fedha tu. Maboksi ya gemu za Nintendo za miaka ya 1980 na 1990 yalikuwa ya karatasi nyembamba. Mtoto akishaletewa zawadi, boksi lilichanwa siku hiyohiyo na kutupwa. Kaseti, ambayo ni plastiki ngumu, ikabaki miaka 30 bila shida. Sega walitumia visanduku vya plastiki kwa gemu nyingi za mashine yao ya Mega Drive, na ndiyo maana mpaka leo ni rahisi kuzipata zikiwa kamili. Anayelipa zaidi kwa boksi la Nintendo lenye kona nne nzima, basi, analipia kitu ambacho kweli kimebaki kidogo. Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Weka karatasi kabatini Tanga misimu miwili ya mvua, bila kuigusa, uone unyevu na kombamwiko watakachokuachia.

Halafu boksi halikuwa ganda tu. The Legend of Zelda, ilipoingia Marekani mwaka 1987, ilikuja na ramani na kijitabu chenye hadithi, majina ya maadui na maelezo ya vifaa. Waliotengeneza gemu walitegemea uwe navyo mkononi. Kaseti tupu inacheza, lakini unaicheza kama mtu aliyeingia msikitini hotuba imefika katikati.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni StarTropics ya mwaka 1990. Ndani ya boksi kulikuwa na barua ya karatasi kutoka kwa mjomba wa shujaa wa hadithi. Ukifika mahali fulani, gemu inakuambia uichovye barua ile kwenye maji. Ukiichovya, maandishi yaliyofichwa yanajitokeza na kukupa namba 747, na bila namba hiyo huendi mbele. Sasa fikiria barua mbili ziko mezani. Moja ni kavu, imenyooka, haijaguswa. Nyingine ina mawimbi ya karatasi iliyolowa ikakauka, na namba inasomeka. Sokoni ile kavu ndiyo inayotafutwa. Naielewa sababu, maana zilizobaki kavu ni chache na bado zina siri yao. Lakini ile iliyolowa haikuharibika. Ilifanya kazi iliyotumwa kufanya, na kuipunguzia alama kwa sababu hiyo ni kuihukumu kwa kutimiza wajibu.

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapopata nguvu. Alama kama 9.8 inapima kinachoonekana kwa nje. Zelda ina betri ndogo ndani inayotunza mahali ulipofika. Betri hiyo inakufa iwe umecheza au hukucheza, na nailoni haiizuii. Muuza mitumba akilipia belo la gredi A anajua siku hiyohiyo kama amepigwa, kwa kuwa atalikata na kulimwaga chini. Mwenye gemu iliyofungwa hana nafasi hiyo, maana akikata nailoni, thamani aliyoilipia inamwagika nayo. Na nailoni yenyewe huigizwa. Maduka ya Marekani yalikuwa na mashine za kufungia upya bidhaa zilizorudishwa, ndiyo maana wazoefu hugeuza boksi la Nintendo kwanza na kutafuta mshono wenye umbo la H mgongoni. Sisemi wanaokusanya gemu zilizofungwa wamekosea. Nasema wamechagua kukusanya nailoni na karatasi, ni jambo halali, ila wasituambie kwamba ndilo daraja la juu la kupenda gemu.

Kuna pia vitu ambavyo hali yake karibu haina maana kwa sababu ni vichache mno. Mashindano ya Nintendo ya mwaka 1990 huko Marekani yaliacha kaseti 116 tu, 90 za kijivu na 26 za dhahabu. Mwanzoni mwa 2014 mojawapo ya zile za kijivu iliwekwa kwenye mnada wa eBay ikiwa na lebo iliyochanika na neno "Mario" limeandikwa juu yake kwa kalamu. Zabuni zilipanda hadi karibu dola 100,000. Kaseti ya kawaida yenye lebo ya namna hiyo ungepewa kama nyongeza.

Na Aprili 2014 kule Alamogordo, New Mexico, lilichimbuliwa jalala ambamo kampuni ya Atari ilifukia shehena yake mwaka 1983, na kati ya vilivyotoka zikawamo kaseti za E.T., gemu iliyotokana na filamu ya jina hilo. Mpaka siku ile wengi waliona ni uvumi tu kwamba zipo chini. Kaseti za gemu mbalimbali zilitoka zaidi ya 1,000, zimepondeka, zimejaa udongo, zinanuka. Mamlaka ya mji ikaziuza mamia kwa mnada na kupata zaidi ya dola 100,000; nyingine ikapokelewa na makumbusho ya Smithsonian. E.T. safi unaipata kwa bei ya chini kabisa. Ile ya jalalani ukiiosha vizuri na kulinyoosha boksi lake, unakuwa umeitupa, kwa kuwa udongo ndio ushahidi.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama hali ina maana, najibu kwanza kwa kutenganisha. Alama za matumizi ni jambo moja: rangi iliyofifia pale vidole vilipokuwa vinashika, jina la mtoto mgongoni. Uharibifu wa kutelekezwa ni jambo jingine: kutu kwenye meno ya shaba, ukungu, kapasita (vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme) zilizovuja na kula njia za umeme. Hizo za mwisho zinaua gemu, na kwenye hilo sina huruma. Kaseti yenye kutu isiyosafishika siinunui hata iwe nzuri usoni. Wengi wetu tulizichangia kutu hizo wenyewe. Kwenye zile mashine za kuiga Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, tulizokuwa nazo nyumbani, kaseti ikigoma tulikuwa tunaipuliza, na Nintendo ilikuwa inawaonya wateja wake waache, kwa sababu unyevu wa pumzi unaozesha shaba. Jambo la tatu, ambalo kwangu ni baya kuliko yote mawili, ni ukarabati unaofichwa: lebo iliyochapwa upya, plastiki ya njano iliyong'arishwa kwa dawa na jua, vikauzwa kana kwamba havijaguswa. Kukarabati si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Mwaka jana nilinunua kaseti ya Pokémon Red, ya Game Boy, mashine ndogo ya Nintendo ya kushika mkononi. Nyuma ina jina fupi la kalamu ya wino mzito, mwandiko wa mtoto. Nilipoiwasha nikakuta safari yake bado imo, jina lilelile, saa nyingi za kucheza. Betri ilikuwa ukingoni, na kuitoa ni kuifuta safari ile, kwani kumbukumbu yake inaishi kwa umeme wa betri hiyo. Nilikaa nayo wiki nzima. Mwishowe niliazima kifaa cha kusomea kaseti nikanakili kila kitu kwenye kompyuta, nikafungua skrubu kwa bisibisi yake ya milimita 3.8, fundi akabandua betri ya zamani na kulehemu mpya, kisha nikairudisha safari ya yule mtoto mahali pake.

Jina la nyuma linatoka kwa spiriti na pamba, kazi ya dakika mbili. Kwenye daftari langu, safu ya hali, nimeandika: betri imebadilishwa, skrubu imefunguliwa mara moja, jina la kalamu nyuma halikufutwa.