Saa ya kwanza baada ya kisu

Mtu akikwambia kichuri, ule mchuzi mchungu wa kuchovyea nyama choma, ni uchafu, jua amelishwa kilichotengenezwa na mwenye haraka. Wanaokijua hawabishani naye, wanamsogezea kachumbari tu. Mapishi haya ya zamani ya Kanda ya Ziwa, kuanzia kichuri na utumbo mpaka kanga, hayaharibikii jikoni. Yanaharibika saa ya kwanza baada ya mnyama kuchinjwa. Ikipotea hiyo, hata utie gunia zima la tangawizi, harufu itakufuata mezani.

Tuanze na kichuri, maana ndicho kinachoogopwa kuliko vyote. Wenye sifa nacho ni watu wa Mara, hasa Wakurya, lakini hata Mwanza si kigeni. Kinatoka kwenye utumbo mwembamba wa mbuzi au ng'ombe, na siyo popote kwenye utumbo huo. Mbuzi akishapasuliwa, funga uzi pale tumbo linapoishia na utumbo kuanza. Pima kama mita nne kwenda chini, funga uzi wa pili, kisha kata. Nyongo huingia utumboni hapo mwanzoni kabisa, ndiyo sababu maji yake ni ya njano ya kijani na ni machungu. Ukishuka zaidi rangi inageuka kahawia, na hapo tusidanganyane, hicho ni kinyesi. Wapo pia wanaokamua majani ya tumbo kubwa na kuyaita kichuri. Wanapata maji ya nyasi zilizochacha, halafu wanashangaa wageni hawarudi.

Kamua kwa vidole viwili, taratibu, moja kwa moja kwenye sufuria. Mbuzi wa wastani hutoa kikombe kimoja hivi. Chuja kwa chujio la chai, bandika kwenye moto wa wastani. Kikianza kuchemka kinapanda kama maziwa na kukatika vipande vipande. Koroga, usiogope, kiache kitokote dakika 20 mpaka kibaki nusu. Hapo ndipo unaonja. Uchungu ukiwa haujafika, ongeza nyongo kutoka kwenye kifuko chake, nusu kijiko cha chai kwa mara moja. Kosa kubwa ni kumimina kifuko kizima mwanzoni. Nyongo ikizidi haina dawa, si chumvi, si limau. Malizia kwa chumvi, pilipili kichaa mbili za kuponda, na matone ya mafuta yanayodondoka kwenye mbavu zilizoko motoni.

Kifuko chenyewe hakivutwi. Kikate pamoja na kipande kidogo cha ini kilichokishikilia, uwe umekibana shingoni kwa vidole. Kikipasuka juu ya ini, usihangaike kuosha. Kata sehemu iliyogeuka kijani utupe.

Na hilo ini likague kabla hujalifurahia. Ng'ombe wa huku mwambaoni wanachungwa kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga, wanakoishi konokono wanaoeneza minyoo ya ini. Lichane: mirija ikiwa minene na inakwaruza kisu kama chokaa, au ukiona minyoo bapa kama jani, hilo si la kuchomwa, na mkaguzi wa nyama alipaswa kuwa ameshalikata. Mapafu yenye malengelenge ya maji yafukie shimo refu au yachome moto. Ukimtupia mbwa, umempa minyoo atakayoirudisha uani kwako. Mnyama aliyejifia mwenyewe hata usimpasue, kimeta hakijui kama una njaa.

Utumbo sasa. Ile sehemu yenye manyoya kama taulo na ile yenye kurasa kama kitabu huoshwa zingali na joto la mnyama. Zikipoa na majani ndani, harufu imeshaingia kwenye nyama. Ukishamwaga majani na kusuuza, tumbukiza kwenye maji ya moto ambayo hayajachemka, yale ambayo mkono hauvumilii kukaa, kwa dakika moja au mbili, kisha parua ngozi nyeusi kwa kisu butu. Maji yakiwa yanatokota, ngozi hiyo inashika na utaparua mpaka jioni. Kurasa za kitabu zifungue mmoja mmoja, hapo hakuna njia ya mkato.

Kwa kilo mbili, chemsha dakika 15 na chumvi, mwaga maji yote, anza upya na maji safi, kitunguu na kipande cha tangawizi, moto mdogo, saa mbili na nusu au tatu. Magadi yanalainisha, ndiyo, lakini nusu kijiko cha chai kinatosha. Yakizidi, utumbo unateleza na mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni. Kuna wanaotia magadi na limau sufuria moja: vinatoa povu, vinauana, na hakuna kilichofanya kazi yake. Limau lisubiri bakulini.

Makongoro yanafuata njia hiyohiyo, ila muda ni saa tano na moto uwe wa kunong'ona tu. Mchuzi ukipoa usipogandamana, hayajaiva.

Nyamapori ninaiweka mwisho kwa sababu. Kule Bunda na Busega, ambako Hifadhi ya Serengeti inakaribia kugusa ziwa, nyama inayouzwa usiku kwenye kiroba ni kesi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni, na anayetaka nyama hiyo aende bucha lenye kibali, achukue na risiti. Lakini upishi wa zamani wa ndege wa porini haujafa kwa sheria, kwani kanga wa kufugwa anaupokea vizuri kabisa.

Nyama ya kanga haina mafuta, ndiyo maana akichomwa kama kuku anakuwa kamba. Bonyeza ncha ya kidari: ikipinda ni mchanga, saa moja inamtosha, ikiwa ngumu mpe saa mbili. Mtoe matumbo mara tu anapochinjwa, pamoja na kifuko cha nafaka shingoni, kwa maana humo ndimo uchachu unapoanzia. Firigisi ipasue, menya ngozi ya njano ya ndani, uirudishe sufuriani. Kaanga vipande kwa vijiko viwili vya samli, tia maji yafunike, funika. Karanga robo kilo, zilizokaangwa na kutwangwa, ziingie dakika 20 za mwisho. Ukizitia mapema zinashika chini na moshi wake unapanda mpaka juu. Mle na ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo uliochachushwa. Mchuzi huo juu ya wali unageuka uji.