Mgonjwa wa mapafu hafanyi mazoezi: hana moyo au kazuiwa?

Kuna ubishi ambao hauishi kila yakitajwa mazoezi kwa mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, iwe ni COPD (ule wa njia za hewa kubana moja kwa moja), iwe ni mapafu yaliyobaki na makovu baada ya TB, au mengineyo ya aina hiyo. Wapo wanaosema mgonjwa mwenyewe hajitumi, kaambiwa atembee hatembei, anashinda kwenye kiti. Halafu wapo wanaosema muacheni jamani, hana nauli, kituo kiko mbali, nje kuna vumbi na baridi, na hata huyo dokta hajawahi kumwambia afanye zoezi gani. Mi naona pande zote mbili zina ukweli ndani yake ila zote zinaruka jambo moja kubwa zaidi, nalo ni hofu ya kuishiwa pumzi.

Na hiyo hofu sio ya kitoto. Kwa mtu mwenye COPD njia za hewa zimebana, kwahiyo akianza kutembea haraka anavuta hewa mpya kabla ile ya mwanzo haijatoka yote, hewa inazidi kujikusanya ndani, kifua kinajaa na nafasi ya kuvuta pumzi nyingine inapungua, yani anahisi kabisa kama anazama akiwa nchi kavu. Ukishapitia hali hiyo mara kadhaa mwili wenyewe unajifunza kukwepa, hata kabla hujakaa ukafikiria. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwita mvivu unakuwa hujamuelewa hata kidogo.

Shida ni kwamba kukwepa nako kuna gharama yake, na hapa ndo wale wanaosisitiza kujituma wanapokuwa na hoja. Misuli isiyotumika inalegea, hasa ya mapaja, na misuli iliyolegea inahitaji oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ileile ndogo, kwahiyo mwezi huu anahema akipanda ngazi, baada ya muda anahema akivaa viatu, na kila akihema anaona ndo ushahidi kwamba alikuwa sahihi kupumzika. Mapafu yenyewe yanaweza kuwa hayajabadilika sana, kilichoporomoka ni miguu. Watu wengi hawaambiwi hili, na nadhani ndo sababu wanakata tamaa mapema, maana wanasubiri mazoezi yatibu mapafu, wakipima wanakuta vipimo vya mapafu viko palepale wanasema hayana faida. Faida iko kwenye misuli, kwenye moyo, na kwenye ujasiri wa mtu mwenyewe.

Kwamba faida ipo hilo halina ubishi tena. Uchambuzi wa 2015 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, ulikusanya tafiti 65 zenye wagonjwa wa COPD zaidi ya 3,800 na ukakuta programu za mazoezi tiba ya mapafu zinapunguza kuhema na uchovu na zinampa mtu hisia kwamba ugonjwa anaumudu. Ila angalia upande wa pili. Huko Marekani utafiti uliotoka 2020 uliangalia wazee zaidi ya 197,000 walioruhusiwa hospitali baada ya COPD kuwazidia, na walioanza programu ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 1.5 tu. Walioanza mapema, waliokufa ndani ya mwaka ni asilimia 7.3, wengine ni 19.6. Tuwe makini hapo, sio yote ni kazi ya mazoezi, aliyeweza kwenda pengine alikuwa na nafuu tangu mwanzo, watafiti walijaribu kurekebisha hilo na tofauti bado ikabaki lakini utafiti wa kuangalia tu hauwezi kumaliza swali. Kinachonishtua mimi ni hiyo 1.5. Huwezi kuniambia asilimia 98 na ushee ya wazee wote hao hawana moyo, lazima kuna mahali mfumo haukuwapeleka.

Lakini hata ukiondoa vikwazo vyote vya nje bado kuna watu wanapewa nafasi hawaji, na wengine wanaanza wanaachia katikati. Sababu zinajulikana: kaumwa tena kidogo akapoteza mwendo, ana huzuni ya muda mrefu ambayo haijatibiwa, anaona aibu kutembea na mtungi wa oksijeni watu wanamwangalia, au anajilaumu kwa sigara alizovuta anaona hastahili hata kusaidiwa (hii inauma sana na inazungumzwa kidogo mno). Na familia nayo inachangia bila kujua. Akisimama tu, baba kaa nitakuletea, mama wewe pumzika, kwa upendo kabisa, na huku nguvu zinaondoka.

Kwahiyo moyo wa kufanya unatoka wapi? Kwa maoni yangu hautangulii, unakuja baada ya mtu kuhema mbele ya mtaalamu, akaona pumzi inarudi, akaona hajafa. Ndo maana mara za mwanzo zifanyike mbele ya mtu anayejua, mgonjwa afundishwe kutoa pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa kidogo, afundishwe kujipima kuhema kwake kwa 0 mpaka 10 (0 hahemi kabisa, 10 ndo mwisho wa kuhema) na kwamba 4 mpaka 6 wakati wa zoezi ni kawaida, sio hatari. Atumie inhela yake kama alivyoelekezwa, oksijeni iangaliwe, na kama kuna maumivu ya kifua au kizunguzungu zoezi linasimama. Mapumziko ya katikati yaruhusiwe pia, dakika moja kazi dakika moja pumzi ni mazoezi halali kabisa. Na lengo litoke kwake mwenyewe, kuoga bila kusaidiwa au kumfuata mjukuu uani, maana "boresha afya yako" haimuinui mtu kwenye kiti.

Ila nisiwape hawa wa programu ushindi wote. Programu nyingi ni wiki 6 mpaka 12 na bila mwendelezo faida inafifia ndani ya mwaka, na kuna jambo limeonekana sana kwenye tafiti, mtu anaongeza uwezo wa kutembea lakini akirudi nyumbani hatembei zaidi ya zamani. Uwezo umekuja, mazoea hayajaja. Hapo ndo kikundi cha wenzie wenye ugonjwa huohuo kinasaidia, kuhesabu hatua kwa simu kunasaidia, na simu ya mtaalamu hasa baada ya mtu kuzidiwa na kulazwa inasaidia, maana hapo ndo wengi wanapotelea, na mtu asipoulizwa ndani ya wiki chache za kutoka wodini anarudi kwenye kiti na hofu ikiwa kubwa kuliko mwanzo.