Wanaoambiwa wamejitakia kiharusi

Mtu akianguka bafuni alfajiri, mdomo ukapinda na mkono wa upande mmoja ukalegea, maneno huanza kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana. Alipenda chumvi. Hakuwa msikivu. Dawa za presha aliziacha mwenyewe. Kampeni za afya husema hayohayo kwa upole zaidi: badili mtindo wa maisha.

Hoja hiyo ina mashiko, na ushahidi wake tunao hapa Tanzania. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika eneo la Dar es Salaam na wilayani Hai, Kilimanjaro. Kwa hesabu ya jumla maeneo hayo yalikaribiana: wagonjwa 107.9 kwa mwaka katika kila watu 100,000 upande wa Dar, na 94.5 upande wa Hai. Lakini Dar imejaa vijana waliokuja kutafuta maisha, na ujana huo unaficha ugonjwa. Tofauti ya umri ilipoondolewa, Hai ikawa 108.6 na Dar 315.9. Karibu mara tatu! Sigara na lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu zilitajwa miongoni mwa visababishi. Basi anayelaumu maisha ya mjini ana pa kusimama, ingawa orodha hiyohiyo ilikuwa na VVU, jambo ambalo ni nadra kulisikia kwenye mahubiri ya chumvi.

Ila kuna takwimu nyingine ya zamani zaidi ambayo sijaweza kuisahau. Katika miaka ya 1990 watu wazima walipimwa presha, ambayo ni chanzo kikubwa cha kiharusi, Ilala jijini Dar es Salaam na katika kijiji cha Shari, Hai. Kote kuwili, karibu theluthi moja walikuwa na presha ya kupanda. Shari ni kwenye migomba na kahawa, watu wanapanda na kushuka vilima na majani ya ng'ombe kichwani. Huwezi kusema wanakaa tu. Kisha likaja la pili: katika kila wenye presha 100, waliojijua hawakufika 20. Waliokuwa kwenye dawa ni kama 10. Ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika hata mmoja.

Tuwaangalie hao zaidi ya 80 wasiojijua. Hawakuacha dawa, maana hawakuwahi kupewa. Hawakumpuuza daktari, maana hakuna aliyewafunga kile kitambaa mkononi akawasomea namba. Siku wakianguka tutawaita wakaidi, na kosa lao ni kutojua jambo ambalo hakuna aliyewaambia. Atakayesema mambo yamebadilika tangu wakati huo aangalie utafiti wa baadaye wa wazee wa Hai wenye miaka 70 na kuendelea: takriban 7 kati ya 10 walikuwa na presha, na waliojijua hawakufika nusu.

Wapo pia walioambiwa, wakaanza dawa, wakaacha. Hao ndio tunaowahukumu vikali, nami naona tunawaonea. Tumelelewa na dozi. Malaria ni siku tatu, vidonge vikiisha umepona. Presha haiumi, mtu anameza vidonge vya mwezi, vinaisha, anajisikia vizuri, anaamini amemaliza dozi. Nani alimweleza kwamba hii haina mwisho? Na yule aliyeelezwa anarudi na nauli ya kukopa mpaka dirisha la wazee, anaandikiwa dawa, halafu anaambiwa akanunue duka la nje.

Hata imani za mashetani na kurogwa, ambazo zina nguvu zaidi Dar kuliko Hai, sizicheki. Jana mtu alikuwa mzima, leo nusu ya mwili haimsikii, wala hapakuwa na kipimo chochote kilichomtahadharisha. Familia inatafuta sababu kwa mganga kwa kuwa zahanati haikuwahi kuwapa sababu nyingine. Saa zinazopotea huko ni za hatari, na hilo lisemwe wazi.

Chumvi ipunguzwe, sigara iachwe, sipingi. Lakini mkazo na fedha vianzie mlangoni mwa zahanati: kila mtu mzima anayeingia apimwe presha, hata kama amekuja kwa jambo lingine. Bibi aliyemleta mjukuu mwenye homa apimwe naye papo hapo, na akikutwa nayo aondoke na vidonge vya miezi miwili, akiwa ameambiwa kwa Kiswahili chepesi kwamba vikiisha arudi kuchukua vingine.