Toni ya ripita haina kazi kwenye waya wa maikrofoni

Ripita nyingi (vituo vinavyopokea mawimbi na kuyarusha tena mbali zaidi) za redio ya ridhaa siku hizi hazimfungulii mtu kwa sababu tu mawimbi yake yana nguvu. Zinataka chini ya sauti yake uwepo mlio mwembamba usiokatika, toni ya CTCSS, wa kati ya Hz 67 na Hz 254. Redio za zamani za teksi na magari ya kampuni, tunazozigeuza kwa matumizi yetu, mara nyingi hazina toni hiyo. Basi mtu ananunua bodi ndogo ya elektroniki ya kuizalisha, anaiunga kwenye waya wa maikrofoni kwa kuwa ndio ulio karibu, halafu analalamika kwamba bodi ni mbovu.

Kwa maoni yangu bodi inasingiziwa. Njia ya maikrofoni imeundwa kwa ajili ya maneno: inapunguza milio iliyo chini ya Hz 300, inakuza ya juu, kisha inapitisha yote kwenye limita, sakiti inayozuia sauti isizidi kiwango. Toni ya Hz 88.5 ikiingia humo inatoka imekonda. Ukiiongezea nguvu, limita inaibana pamoja na sauti yako, na kila ukipaza sauti toni inazama. Ripita inafungua, inafunga, inafungua tena, na wenzako wanadhani betri yako inakwisha.

Toni iingie baada ya limita, kwenye moduleta yenyewe, sehemu inayopandisha sauti kwenye mawimbi. Kama redio ina VCO (kitengeneza masafa kinachoongozwa kwa volti), tafuta diodi ya varakta, ile inayobadilisha masafa volti ikibadilika, inayopokea sauti, uilishe toni kupitia rezista kubwa, kilo-omu 100 hivi, ili isiidhoofishe sauti iliyopo. Redio zinazopata masafa yake kutoka kwa kristali, zenye moduleta ya fezi, ndizo zinazotesa. Humo volti ileile inayoyumbisha masafa vizuri kwa mlio wa Hz 1000 inayayumbisha sehemu ya kumi tu kwa mlio wa Hz 100. Ni afadhali toni iivute kristali moja kwa moja kwa varakta yake.

(Ule mlio wa Hz 1750 wa kuamshia ripita za Ulaya hauna shida hii. Unapita kwenye maikrofoni kama sauti nyingine, na wapo walioufanya kwa mluzi.)

Kosa jingine ni kuzidisha. Pale sauti inapoyumbisha masafa hadi kHz 5, toni inatosha kwa Hz 500 hadi 700. Kwenye chaneli nyembamba, nusu yake. Kama huna kipimo, weka mezani redio ya mkononi yenye skwelchi ya toni (isiyofungua spika bila toni sahihi), punguza toni taratibu mpaka ikatae kufunguka, kisha pandisha kidogo. Ukisikia mngurumo kwenye spika, bado umezidisha.

Dikoda ya kupokea, yaani sakiti ya kutambua toni kwenye mawimbi yanayoingia, siiweki. Skwelchi ya kawaida, inayofunguka kwa mawimbi yoyote yenye nguvu ya kutosha, inanitosha, na redio isiyo na dikoda inamsikia hata anayeniita moja kwa moja bila toni yoyote. Labda pale ripita mbili za masafa yaleyale zinaposikika kwa pamoja, hapo ningeifikiria.