Daraja la juu sawa, ila mwenye miguu apite wapi?

Mradi wowote wa kuondoa kivuko cha reli na kujenga daraja la magari hunadiwa kwa hoja ya foleni. Ni hoja nyepesi kuinadi, kwa kuwa kila mwenye gari amewahi kukaa mbele ya geti lililofungwa akihesabu mabehewa. Wala si ya uongo. Japani, kivuko kinachofungwa kwa dakika 40 au zaidi ndani ya saa moja ya msongamano huwekwa katika kundi maalumu la vivuko vyenye tatizo. Yaani katika saa nzima, barabara inabakiwa na dakika 20 tu.

Naunga mkono madaraja haya, ila kwangu foleni ni sababu ya pili. Ya kwanza ni kwamba treni haikwepi na haisimami upesi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo, ndiyo maana injini chache zinavuta mzigo mzito ajabu. Msuguano huohuo mdogo ndio unaoinyima treni breki kali: treni ya mizigo iliyo kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa huweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu kabla haijasimama. Dereva wake akiliona gari limekwama mbele, atafunga breki na kupiga honi, basi. Zaidi ya hapo hana la kufanya.

Nikimsikia mtu anasema dawa ni elimu kwa madereva wakorofi, hukumbuka Fox River Grove, jimbo la Illinois, Marekani. Tarehe 25 Oktoba 1995 basi la shule lilivuka reli likasimama kwenye taa nyekundu iliyokuwa mbele yake, kama sheria inavyotaka. Nafasi kati ya reli na ile taa ilikuwa fupi kuliko basi, kwa hiyo sehemu ya nyuma ikabaki kwenye njia ya treni. Wanafunzi 7 walikufa. Hakuna aliyekuwa akishindana na treni pale. Mpangilio wa mahali penyewe ulikuwa mtego. Kule Ufton Nervet, Uingereza, gari lililosimamishwa juu ya reli mwaka 2004 liliangusha treni ya abiria na watu 7 wakafa. Daraja la barabara lilifunguliwa hapo Desemba 2016. Miaka 12! Kwa mwendo huo sioni ajabu watu wakidai daraja lolote, la namna yoyote, mradi lije.

Na hapo kwenye "lolote" ndipo tunapoumizwa.

Daraja la juu lazima lipite juu ya treni, na kama reli ni ya umeme, juu ya nyaya pia. Tuseme barabara inapanda mita 8. Kwa mwinuko wa asilimia 5, unahitaji mita 160 za kupanda na nyingine 160 za kushuka. Kwa gari, hilo ni suala la kukanyaga mafuta kidogo. Sasa mchukue mtu aliyezoea kuvuka reli hatua ishirini tu hadi sokoni, shuleni au zahanati. Umemwambia atembee zaidi ya mita 320 juani, pembeni ya malori, ili afike mahali anapopaona kwa macho. Ukimwekea ngazi, ni vipandio karibu 47 vya kupanda na vingine kama hivyo vya kushuka. Aliye kwenye kiti cha magurudumu umemfungia kabisa, labda pawe na lifti, na lifti za barabarani tunazijua: siku ya uzinduzi zinafanya kazi.

Kitakachofuata hakihitaji ubashiri. Uzio utakatwa, utazibwa, utakatwa tena, na watu watavuka palepale walipozoea, safari hii bila kengele, bila taa, bila geti wala mlinzi wake. Tumewaondolea hatari wenye magari, halafu tukaondoka na vifaa vilivyokuwa vikiwalinda wanaotembea.

Dawa ipo, na kimo chake ni kidogo kuliko cha daraja. Njia ya chini ya waenda kwa miguu haihitaji kupisha treni na nyaya. Inahitaji kupisha kichwa cha mtu. Kimo cha mita 2.5 kinatosha; ukiongeza unene wa kinachoibeba reli, mtu anashuka kama nusu ya kile ambacho angepanda. Nawaelewa wanaozichukia njia hizi, maana nyingi hujaa maji na usiku hazipitiki kwa hofu. Lakini hizo huwa zimejengwa nyembamba na zenye kona. Ikiwa pana, fupi na iliyonyooka hivi kwamba ukisimama mdomoni unaona upande wa pili, yenye taa na pampu inayotunzwa, watu wataitumia.

Penye nafasi na fedha, afadhali kuinua reli yenyewe. Melbourne, Australia, ambako mpango mkubwa wa kuondoa vivuko ulianza mwaka 2015, sehemu kadhaa reli ilipandishwa juu na ardhi ya chini ikageuzwa njia za miguu, za baiskeli na viwanja. Ni ghali, na treni inataka mwinuko mdogo mno, kwa hiyo ujenzi huwa mrefu. Si kila mahali panafaa.

Mchoro wa daraja ukibandikwa kwa ajili ya maoni ya wananchi, ile picha yenye miti na magari machache yanayong'aa iruke. Uliza tarehe mbili: siku ambayo kivuko cha reli cha sasa kitafungwa, na siku ambayo njia ya miguu itafunguliwa. Ya pili ikitangulia, hata kwa wiki moja, mimi nitakuwa wa kwanza kuupigia mradi makofi. Ikiachwa hadi "awamu ya pili", anza kuandika barua ya pingamizi.